Kukata kifurushi cha TV ya setilaiti na kubaki na dishi lako: nilivyofanya mimi

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama inawezekana kukata kifurushi cha TV ya setilaiti bila nyumba nzima kukunung'unikia, na kama dishi lililo juu ya paa litakuwa na kazi tena baada ya hapo. Mdau mmoja amekujibu kwamba bila kulipia, dishi ni pambo la paa. Hilo si kweli. Nitajibu kwa urefu kwa sababu kazi hii nimeifanya kwangu, kisha nikawafungia ndugu na majirani, na inaniuma kuona mtu analipa mwezi hadi mwezi kwa sababu tu hakuna aliyemweleza kwamba ipo njia nyingine.

Kwanza elewa unalipia nini. Setilaiti za TV ziko juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na zinazunguka sambamba na dunia. Ndiyo maana dishi likishafungwa halihitaji kuifuata setilaiti. Mawimbi yake yanashuka juu ya nchi nyingi kwa pamoja, kwa aliyelipa na asiyelipa. Kampuni haikuuzii mawimbi, inakuuzia ufunguo: picha imefungwa kwa msimbo, kadi iliyo ndani ya king'amuzi inaufungua, na siku ukichelewa kulipa ufunguo unazimwa. Sasa, angani humohumo kuna chaneli ambazo hazikufungwa tangu mwanzo. Wanaozirusha ni mashirika ya utangazaji ya umma, serikali zinazotaka sauti yao ifike nje ya mipaka, taasisi za dini, na vituo vya kibiashara vinavyoishi kwa matangazo, ambavyo kila mtazamaji mpya kwao ni faida. Mafundi wanaziita FTA (free-to-air), yaani chaneli za wazi zisizolipiwa. Hizo wamezirusha wenyewe ili zitazamwe, kwa hiyo ukizitazama huibi kitu cha mtu.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: usitafute kitu kimoja cha kuchukua nafasi ya kifurushi kizima, kwa sababu hakipo. Watu wengi wanaoshindwa wanashindwa hapo. Wananunua kisanduku kimoja, wanategemea kifanye kila kitu, kikishindwa mechi ya kwanza wanarudi kulipa. Kivunje kifurushi vipande: habari, chaneli za nchini, watoto, sinema na tamthilia, michezo. Kila kipande kina mahali pake pa bure, isipokuwa kimoja, nacho nitakisema wazi huko mbele.

Kwa hiyo kabla ya kugusa spana, chukua daftari uandike kwa mwezi mmoja kile kinachotazamwa kweli hapo nyumbani. Usiandike chaneli unazozipenda kwa kuzisikia, andika zile ambazo mtu alikaa akatazama zaidi ya nusu saa. Kila nyumba niliyowashauri wafanye hivi, orodha ilitoka fupi kuliko walivyotarajia. Chaneli mia na zaidi zimelipiwa, zinazotazamwa zinahesabika kwa vidole. Orodha hiyo ndiyo ramani yako. Bila hiyo utaanza kufukuzia chaneli ambazo hata wakati unazilipia hukuwa unazifungua.

Chaneli za nchini nitazipitia haraka kwa sababu hazina ugumu. Nchi nyingi zimehamia dijitali ya ardhini. Mkataba wa Geneva wa 2006, uliosimamiwa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa analojia kwa nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati. Chaneli za taifa sehemu nyingi zinapatikana kwa antena ya kawaida ya UHF. Angalia nyuma ya TV yako kabla hujanunua chochote: TV nyingi za miaka ya karibuni zina kipokezi cha DVB-T2, yaani cha dijitali ya ardhini, ndani yake, nyingine zina na cha setilaiti cha DVB-S2. Ila uwe makini, kipokezi cha zamani cha DVB-T hakisomi T2, na Marekani na Japani wanatumia mifumo mingine kabisa. Antena iwekwe juu, nje, imeelekea mnara, na kebo iwe fupi iwezekanavyo. Usikimbilie kipaza mawimbi. Kipaza kinakuza kile kinachoingia, pamoja na kelele zake, kwa hiyo mawimbi mabovu yanatoka makubwa na bado mabovu. Kama kuna mnara wa simu karibu na picha inakatika bila sababu, tatizo linaweza kuwa mawimbi ya 4G kwenye masafa ya megahezi 700 na 800, na dawa yake ni kichujio kidogo kinachofungwa kati ya antena na TV.

Sasa tuje kwenye dishi. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi wanapokata tamaa.

Setilaiti yenye kifurushi chako mara nyingi siyo yenye chaneli nyingi za bure. Inaweza kuwa na chache, basi. Itabidi uligeuze dishi, au uongeze pembeni LNB ya pili, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Kila eneo la dunia lina anga zake maarufu. Ulaya wana Astra kwenye digrii 19.2 Mashariki, ambako Wajerumani wanarusha chaneli zao za umma bila msimbo, na Hot Bird digrii 13 Mashariki. Uingereza wana Freesat, iliyoanzishwa na BBC na ITV mwaka 2008 kwenye digrii 28.2 Mashariki, mfumo mzima wa setilaiti usio na ada ya mwezi. Kaskazini mwa Afrika na Mashariki ya Kati kuna Nilesat digrii 7 Magharibi na Badr digrii 26 Mashariki, zenye mamia ya chaneli za wazi. Kujua ipi inakufikia, ingia kwenye tovuti za LyngSat au KingOfSat. Huko kila setilaiti imeorodheshwa na masafa yake, na chaneli ya bure imewekewa alama inayoitofautisha na iliyofungwa. Angalia pia ramani ya mwale, yaani eneo ambalo mawimbi yake yanashukia: setilaiti inaweza kuwa juu ya upeo wako na bado mwale unaoutaka umeelekezwa bara jingine.

Halafu tazama LNB yenyewe. Usidhani ile iliyokuja na kifurushi itafaa. Baadhi ya kampuni za kulipia zinatumia mawimbi ya mviringo, au LNB yenye masafa ya ndani ya peke yake, na ukiielekeza kwenye setilaiti ya mawimbi ya wima na mlalo utapata nusu ya chaneli au usipate kitu. Kwa mkanda wa Ku, yaani masafa ya madishi madogo ya nyumbani, unachohitaji ni LNB ya yunivasali, iliyoandikwa 9.75 na 10.6 gigahezi. Ni kifaa cha bei ndogo, usikifanyie ubahili. Mkanda wa C ni habari nyingine: dishi lake ni kubwa, mita 1.8 na kwenda juu, lakini unavumilia mvua kubwa kuliko Ku, na kwenye maeneo ya mvua nyingi bado una chaneli nyingi nzuri za bure.

Kulielekeza. Programu za simu za kutafuta setilaiti zitakupa namba tatu: uelekeo wa dira, mwinuko, na mzunguko wa LNB kwenye kishikio chake. Kabla ya yote nguzo iwe imesimama wima kabisa. Weka pima maji upande mmoja, kisha upande wa pili. Nguzo ikiegemea hata kidogo, kila unapolizungusha dishi mwinuko nao unabadilika, na utazunguka siku nzima bila kuipata. Jambo jingine, usiliamini jicho. Dishi la kawaida la nyumbani limetengenezwa kwa mkao wa pembeni, linaonekana kama linatazama nyumba ya jirani kumbe linatazama juu kwa zaidi ya digrii 20. Fuata kipimo kilichochorwa kwenye mabano yake.

Halafu ni mkono. Dishi la sentimita 80 linaona kipande chembamba sana cha anga, kama digrii mbili hivi, na setilaiti jirani zinapishana kwa digrii mbili au tatu. Ukisogeza ukingo wake kwa milimita saba tu, umeshaligeuza digrii nzima. Kwa hiyo kaza bolti kiasi cha kuzuia lisianguke, ila liweze kusogea ukilisukuma kwa kidole. Weka kwenye king'amuzi masafa ya chaneli moja yenye nguvu ya setilaiti unayoitaka, fungua ukurasa wa mawimbi. Utaona mistari miwili. Mstari wa nguvu unaweza kupanda hata dishi likitazama ukuta, maana unaonyesha zaidi kwamba LNB inapata umeme na kebo haijakatika. Unaotafuta ni mstari wa ubora. Huo unakaa sifuri, sifuri, sifuri, halafu ghafla unaruka. Sogeza kidogo, ngoja sekunde mbili tatu, sogeza tena. King'amuzi kinachelewa kusoma, na mtu mwenye haraka anaipita setilaiti bila kujua. Ukishaiona, sukuma kushoto mpaka ubora uanze kushuka, kulia mpaka ushuke, kisha rudi katikati. Fanya hivyohivyo juu na chini, mwisho izungushe LNB taratibu kwenye kishikio. Kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, huku unautazama mstari, maana kukaza kwenyewe kunalivuta dishi.

Ukipata ubora mzuri usishangilie kwanza. Skani, kisha soma majina ya chaneli zilizoingia ulinganishe na orodha ya setilaiti uliyoitaka. Masafa yanafanana kati ya setilaiti na setilaiti, na kuna watu wamekaa wiki wakilalamika chaneli hazipo kumbe wameshika setilaiti ya jirani.

Kebo nayo isipuuzwe. Tumia RG6 ya omu 75. Unapofunga kiunganishi cha kuzungusha mwishoni, chunguza ule wavu wa nyuzi nyembamba unaozunguka kebo. Uzi mmoja tu, mwembamba kama unywele, ukigusa waya wa shaba wa katikati, umeshapiga shoti na king'amuzi kitaonyesha onyo la LNB au kitanyamaza kabisa. Nimepanda juu ya paa za watu waliokuwa tayari kununua LNB mpya, nikakuta ni huo uzi mmoja. Zima king'amuzi kwenye umeme kabla ya kufungua au kufunga kebo. Kiunganishi cha nje kifunike kwa tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, na kebo iachwe ining'inie kidogo kama kitanzi kabla ya kuingia ukutani ili maji ya mvua yadondoke hapo yasifuate kebo ndani.

Kuna dalili mbili zinazofaa kukaririwa kwa sababu zinaokoa pesa za fundi. King'amuzi kinaiambia LNB ibadilishe upande kwa umeme: volti 13 kwa wima, volti 18 kwa mlalo. Ukiona chaneli zote za wima zipo na za mlalo hakuna, basi volti 18 hazifiki juu. Kebo ni ndefu mno, imeoza, au kiunganishi kimeshika kutu. Na kama kilichokosekana ni chaneli zote za masafa ya juu ya megahezi 11,700, wima na mlalo, basi ule mlio wa kilohezi 22 unaoiamuru LNB ihamie ukanda wa juu haufanyi kazi. Nenda kwenye menyu uhakikishe umechagua LNB ya yunivasali na kilohezi 22 imewekwa kwenye otomatiki. Mara nyingi unaishia hapohapo kwenye menyu.

Picha ikipotea kwa dakika chache mchana kweupe, siku kadhaa mfululizo, karibu na mwezi wa tatu au wa tisa, usiguse kitu. Jua linapita nyuma ya setilaiti na kelele zake zinaimeza. Linapita lenyewe.

Kuhusu king'amuzi chenyewe: kile cha kampuni ya kulipia usikitegemee. Vingi vinagoma kuonyesha hata chaneli za wazi bila kadi hai, au havikuruhusu kuingiza masafa yako mwenyewe. Na vilivyorekodiwa kwenye diski yake kwa kawaida vimefungwa pia, kwa hiyo kama una kitu cha thamani humo, kitazame kabla hujakata. Nunua king'amuzi cha FTA cha DVB-S2 kinachosoma HEVC, njia mpya ya kubana video, chenye skani ya upofu, yaani kinachopekua anga chenyewe bila wewe kukipa masafa, na chenye mlango wa USB. Usikubali kuuziwa cha zamani cha DVB-S kwa sababu ni rahisi. Vituo vinazima matangazo ya ubora wa zamani kimoja baada ya kingine. ARD ya Ujerumani ilizima ya kwake kwenye Astra mwezi Januari 2025, na aliyekuwa na king'amuzi kisichosoma HD siku hiyo aliachwa. Mlango wa USB utakuwezesha kurekodi, ila flashi ikiwa na mfumo wa FAT32 faili moja haliwezi kuzidi gigabaiti 4, kwa hiyo vingine vitakukatia kipindi vipande vipande au kuacha kurekodi. Kama king'amuzi kinakubali mfumo mwingine, badilisha.

Ukitaka setilaiti mbili au zaidi kwa king'amuzi kimoja, kuna swichi ndogo ya DiSEqC yenye milango minne. LNB ya kwanza unaiweka kwenye mlango wa A, ya pili wa B, na kwenye menyu unaandika vivyo hivyo. Kwa setilaiti zinazokaribiana, LNB mbili zinaweza kukaa kwenye dishi moja kwa mkono wa pembeni. Mimi ningekushauri uanze na moja, ikutulie, ndipo uongeze.

Intaneti inakuja kuziba palipobaki wazi. Habari za kimataifa zinarushwa mubashara na bure na vituo vyenyewe: Al Jazeera English, France 24, DW, NHK World, wote wana programu zao au wanarusha kwenye YouTube. Kwa sinema na vipindi kuna huduma zinazoishi kwa matangazo, kama Pluto TV, Tubi na Plex, ingawa zinategemea nchi uliyopo, nyingine hazifunguki kabisa nje ya maeneo yao. NASA wana NASA+, iliyoanza Novemba 2023, bure na bila matangazo, na watoto wanaopenda anga wanaitazama bila kuchoka. Internet Archive ina sinema nyingi za zamani ambazo hakimiliki yake imekwisha. Ukiwa na kompyuta ya zamani iliyolala kabatini, weka Kodi au VLC, programu za kuchezea video, iunganishe na TV kwa HDMI, umepata kifaa kizuri kuliko visanduku vingi vinavyouzwa.

Ila piga hesabu ya bando. Saa moja ya video ya kawaida inakula karibu gigabaiti 1, ya HD inaweza kufika 3. TV inayowaka kutwa nzima kwa intaneti inayopimwa itakugharimu kuliko kifurushi ulichokikimbia. Hapa ndipo dishi linapoonyesha thamani yake: setilaiti haili bando hata chembe, na watazamaji wakiwa milioni haielemewi. Kwa hiyo yale masaa marefu, habari zinazowaka tu, katuni za mchana, redio (ndiyo, setilaiti inabeba na redio nyingi za bure), yaweke kwenye dishi. Intaneti iache kwa kile ulichokichagua ukaketi kukitazama.

Sasa kile kipande kimoja: michezo. Hapa sitakudanganya. Ligi kubwa za mpira zinauzwa kwa haki za matangazo, na aliyenunua haki anafunga. Hakuna dishi wala programu halali itakayokupa kila mechi ya ligi bure kila wiki. Unachoweza kupata ni hiki. Nchi kadhaa, Uingereza na baadhi ya za Umoja wa Ulaya zikiwamo, zina sheria inayotaja mashindano makubwa ambayo lazima yaonekane kwenye chaneli za bure, kama Olimpiki na fainali za Kombe la Dunia, na vituo vya taifa kwingineko navyo mara nyingi hununua mechi za timu ya taifa. Mara mojamoja mashindano makubwa yanatolewa bure kabisa: Kombe la Dunia la Klabu la 2025, DAZN, huduma ya michezo ya mtandaoni, walirusha kila mechi bila malipo, ilitosha kujiandikisha. Muhtasari wa mechi za ligi nyingi unawekwa YouTube na wenye haki wenyewe. Na utangazaji wa redio bado upo, wenye watangazaji wanaojua kazi yao. Kama hayo hayakutoshi, na kwa mpenzi wa kweli wa mpira hayatoshi, lipia miezi ile ya ligi au mashindano unayoyafuata, kisha kata. Kulipa miezi michache kwa kitu unachokipenda ni tofauti kabisa na kulipa mwaka mzima kwa mazoea.

Naomba hapo usishawishike na wale wanaokuambia kuna njia ya mkato. Utaletewa seva za kugawana kadi, yaani kadi moja iliyolipiwa inayofungulia watu wengi kupitia intaneti, utaletewa kisanduku cha Android kisicho na jina la kueleweka "kinachofungua kila kitu duniani" kwa malipo madogo ya mwaka. Kwanza bado unalipa, ila sasa unamlipa mtu ambaye hana ofisi, na siku seva ikizimwa humpati. Pili ni kinyume cha sheria nchi nyingi. Tatu, na hili watu hawalijui, visanduku hivyo vinaweza kuja na programu hasidi tangu kiwandani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo la wazi kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa wahalifu uliokuwa umeteka mamilioni ya vifaa vya nyumbani, visanduku vya TV vikiwa miongoni mwao, na kutumia intaneti ya wenye nyumba kama njia ya kupitishia uhalifu. Kifaa hicho kiko kwenye Wi-Fi ileile unayotumia kutuma pesa kwa simu. Nimekikataa nyumbani kwangu, na kwa ndugu zangu nimekiondoa kwa mikono yangu.

La mwisho la kiufundi ni lile ambalo mafundi hawaligusi, nalo ndilo linaloamua kama nyumba itakubali au itakuletea vita: orodha ya chaneli. Skani ya upofu inaweza kuingiza chaneli mia tano, nusu yake zimefungwa, nyingi za lugha ambazo hakuna anayezielewa hapo ndani. Ukimwachia mzee rimoti katika hali hiyo, kesho atakuambia rudisha kile cha zamani. Kaa chini jioni moja uisafishe. Futa zilizofungwa, futa zinazojirudia, kisha tengeneza kundi la vipendwa ukifuata ile orodha ya daftari. Chaneli ya habari ya baba iwe namba 1, ya watoto namba 2, na kuendelea, ili mtu abonyeze namba moja tu apate chake. Baba yangu ndiye aliyekuwa mpinzani mkubwa wa mabadiliko haya. Nilipomwandikia namba saba kwenye karatasi nikaibandika nyuma ya rimoti, hakuuliza tena habari za kifurushi. Funga pia ile huduma ya king'amuzi kujiongezea chaneli chenyewe usiku, la sivyo asubuhi utakuta mpangilio wako umevurugika. Na nakili orodha kwenye flashi, ili king'amuzi kikijifuta usirudie kazi yote.

Mpangilio wa kukata uwe hivi: usikate kifurushi kwanza. Funga mfumo mpya ukiwa bado unalipa, uendeshe yote miwili kwa mwezi mmoja, na kila mtu alipokimbilia kwenye kile cha kulipia, andika alifuata nini. Ukiona mwezi unaisha na kilichoandikwa ni mechi tu, umemaliza. Kabla ya kukata soma mkataba wako uone kama vifaa ni mali yako au vya kuazima, uone kama kuna kipindi cha kutoa taarifa, na ufute idhini ya malipo ya kujikata benki au kwenye simu, maana wengine wanaendelea kukatwa miezi baada ya kudhani wameshaacha. Omba uthibitisho wa maandishi wa kusitisha huduma na uutunze.

Kama uko tayari kuanza, weka hapa mambo manne: uko eneo gani, dishi lako lina kipenyo gani, maandishi yaliyo kwenye LNB yanasomekaje, na orodha yako ya kinachotazamwa nyumbani. Picha ya nyuma ya TV nayo itasaidia kujua ina vipokezi gani ndani. Kwa hayo nitakuambia setilaiti gani inakufikia na kama kuna haja ya kununua chochote zaidi ya king'amuzi.